Mama Maji-Yaja na Tangazo la Bwawa

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa hiyo moja: kukaa kwenye gari la matangazo, kipaza sauti mkononi, na kuwaambia watu wa kando ya mto kwamba bwawa linafunguliwa. Walimpachika jina la Mama Maji-Yaja, naye akalipokea. Kilichomkera ni kwamba hakuna aliyetoka mtoni. Wafuaji waliendelea kufua. Wachimba mchanga walimpungia mkono kama wanampungia bibi harusi, wakarudi kwenye makoleo yao.

Mvua zilipokolea, maji yalimchukua mchimbaji mmoja. Alipatikana siku ya pili, amekwisha kufa. Ofisini, meneja wa bwawa alifungua daftari, akaonyesha saa tangazo liliposomwa, akalifunga.

"Sisi tumetimiza wajibu wetu. Sikio la kufa halisikii dawa."

Mama Maji-Yaja hakuikubali methali ile. Marehemu alikuwa amemsikia, tena alikuwa amempungia mkono.

Alhamisi, siku yake ya mapumziko, alivaa kandambili akateremka mtoni kwa miguu. Msimamizi wa machimbo alikuwa shangazi wa marehemu, mwanamke wa mikono mipana asiyependa maneno mengi.

"Leo bila gari?"

"Nimekuja kuuliza, dada. Hivi huwa mnanisikia?"

"Mpaka usingizini."

"Sasa mbona hamtoki?"

Shangazi alichomeka koleo mchangani. "Hebu lisome hilo tangazo lako."

Alilijua kwa moyo: "Wananchi wote mnaarifiwa kuwa, kutokana na shughuli za uendeshaji, kiwango cha maji kinatarajiwa kuongezeka wakati wowote. Chukueni tahadhari."

"Haya. Wakati wowote ndio lini? Mara yanafika jioni, mara hayaji kabisa. Na hiyo tahadhari inachukuliwa wapi, dukani?" Wenzake waliangua kicheko, yeye hakucheka. "Tunakula kwa koleo hili, mama. Tuambie yanafika saa ngapi, na yanafika wapi. Tutatoka."

Kesho yake alimwendea fundi wa milango ya bwawa. Fundi hakuhitaji hata kufikiri: ikifunguliwa milango mitatu, maji huchukua saa moja kufika machimboni, na hulifunika jiwe jeupe lililo ukingoni.

"Na siku zote hizo ulinyamaza?"

"Nani aliniuliza?"

Bwawa lilipofunguliwa tena, alikunja karatasi ya ofisi akaitia mfukoni. "Jamani wa mtoni! Milango mitatu inafunguliwa saa nne. Saa tano maji yako machimboni, yatafunika lile jiwe jeupe. Saa nne na nusu kila mtu awe juu barabarani!"

Saa nne na nusu Shangazi alipiga filimbi. Wakapanda, wengine wakinung'unika. Saa tano ikafika, mto kimya. Mmoja akaanza kuteremka akachukue ndoo yake; Shangazi akamdaka kola ya shati. Dakika kumi baadaye maji yakaja, mekundu ya udongo, yakalimeza jiwe na kuondoka na mikokoteni miwili. Mtu hakuguswa hata mmoja.

Meneja alimwita. "Nani alikuruhusu kubadili tangazo? Ungekosea saa, nani angejibu?"

"Nilikosea, bosi. Yalichelewa dakika kumi."

Akapewa barua ya onyo. Wenzake walimtania wiki nzima: miaka yote anaonya watu, leo kaonywa yeye. Aliisaini, akaiweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto.

Mwezi uliofuata ofisi ilichapa tangazo jipya lenye nafasi ya kujaza saa, na nyingine ya kujaza mahali. Hakuna aliyetaja lilikotoka. Mama Maji-Yaja alilisoma kama lilivyoandikwa, isipokuwa pale alipoona mtu bado ameinamia maji. Hapo alimwambia dereva asimamishe gari.

"Wewe wa shati la kijani! Ndiyo, wewe! Siondoki hapa mpaka utoke."

Na kweli hakuondoka, mpaka shati la kijani likaonekana barabarani, limelowa, likimtolea maneno.