Uji wa Kulwa na Doto

Nilipokuwa mtoto wa kufungiwa kanga shingoni, pale kwetu Mtendeni, mjini, nilikuwa na sifa moja mtaa mzima: habari ikinifikia mimi asubuhi, adhuhuri imeshafika sokoni. Darasa la nne lilinishinda, lakini kusimulia hakukunishinda, na mpaka leo hakunishindi. Waulizeni majirani zangu, watawaambia, ingawa si kwa wema. Ila kuna habari moja niliyoipeleka mwenyewe kwa mdomo wangu, ambayo hata sasa nikiikumbuka niko jikoni, mwiko hunisimama mkononi.

Mama alikuwa amejifungua kwa taabu, nyumba imejaa wanawake na masufuria ya maji ya moto. Baba, ambaye alikuwa fundi cherehani, akaona mimi nazidisha kelele tu. Akasema nikakae Kwihara wiki mbili kwa Bibi Kalunde, mama mmoja wa Kinyamwezi aliyekuwa akituletea karanga na asali tangu mimi sijazaliwa. Bibi yangu mzaa baba, Bi Hidaya, hakupenda.

“Unampeleka mtoto wa watu kwa washenzi?”

“Mama, Kwihara si mwezini. Ni mwendo wa baiskeli tu.”

“Kwenda ni baiskeli,” alisema Bi Hidaya. “Kurudi je?”

Baba alipotoka kutia upepo tairi, bibi akanivuta nyuma ya mlango. Mkono wake ulinuka karafuu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watu wa shamba wanafuga misukule. Mtu anakufa, mnalia, mnazika, kumbe mmezika mgomba. Mwenyewe keshachukuliwa, kakatwa ulimi, kafichwa nyuma ya nyumba, analishwa uji wa pumba na kulimishwa mashamba. “Mzee akiwa na macho mekundu, usimkodolee. Na ukisikia kitu kinakula wala humwoni anayekula, kimbia.”

Sasa nifikirieni mimi, mtoto wa miaka tisa, nimekaa nyuma ya baiskeli na maneno hayo tumboni. Tunafika, anatoka Bibi Kalunde kutupokea, na macho yake ni mekundu kama ubuyu.

“Shikamoo, bibi,” nilisema nikitazama miguu yake.

“Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unaamkia vidole?”

Baba alicheka. Mimi sikucheka.

Leo najua macho yale yalitokana na nini. Alipika maisha yake yote kwa kuni mbichi katika kijumba kisicho na dirisha. Lakini wakati ule sikumwona mwanamke anayepika. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa nitaona nini, na hicho ndicho nilichokwenda kukiona. Akinyamaza, nilisema moyoni anaficha. Akizungumza Kinyamwezi na jirani yake, nilisema wananipanga. Akinipapasa kichwani, nilisema ananipima.

Siku ya tatu, jua ndiyo kwanza linachomoza, niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Nikasikia sauti yake nyuma ya nyumba. Nikanyata mpaka kona ya ukuta, nikachungulia.

Kando ya ua wa minyaa palikuwa na vijumba viwili vya nyasi. Vidogo, urefu wake haumfikii mbuzi begani, vimeezekwa vizuri, kila kimoja na kimlango. Bibi Kalunde alikuwa amechuchumaa mbele ya vijumba hivyo, kajipaka unga mweupe kwenye paji la uso, bakuli mkononi.

“Mwangaluka, Kulwa. Mwangaluka, Doto,” alisema, kama unavyomwamkia mtu anayetoka kulala. Kisha akaanza kuwatukana. Ndiyo, kuwatukana! Aliwaita matumbo makubwa, wavivu, wanyonyaji wasioshiba, na mengine nisiyoweza kuyaandika hapa nikiwa nimetoka kutawadha. Alitukana huku anatabasamu. Akamimina uji kwenye mlango wa kwanza, akamimina kwenye mlango wa pili. Uji wenyewe ulikuwa wa mtama, wa kijivu, na mimi mtoto wa mjini niliyezoea uji wa mchele na sukari nikajua moja kwa moja: pumba.

Halafu ndani ya kile kijumba cha pili, kitu kikatikisika. Nikaona cheupe kikipita gizani. Nikasikia kinakula: tap, tap, tap.

Mkojo ulinitoka pale pale niliposimama. Siwadanganyi. Nilitaka kukimbia kama nilivyoagizwa, miguu ikakataa. Na kwa kuwa ilikataa, niliona mwisho wake. Kuku mweupe alitoka kwenye kile kijumba, uji umemjaa mdomoni, Bibi Kalunde akamfukuza kwa kanga.

Nilimwona kuku. Naomba mlishike hilo.

Baba alipokuja Ijumaa kunijulia hali, niling'ang'ania baiskeli nikalia mpaka akanirudisha. Jioni ile ile nikawa uani kwetu, katikati ya wanawake waliokuja kumwona mzazi. Mama Sauda, jirani yetu, alikuwa anasukwa twende kilioni. Akaniuliza, “Enhe, mwali, huko shamba kuna nini?”

Nikasema Bibi Kalunde ana watoto wawili amewaficha nyuma ya nyumba.

Mikono iliyokuwa inasuka ikasimama. Mtu akaniletea visheti kwenye kisahani. Nikasema anawalisha uji wa pumba alfajiri. Visheti vikaongezwa. Nikasema anajipaka nyeupe, anawatukana, nao hawajibu, labda hawana ndimi. Bi Hidaya akasema, “Si niliwaambia?” na sijawahi kumwona akinitazama kwa fahari kama siku ile. Basi nikasema nimewasikia wakila. Nikasema nimeona mkono mweupe.

Katika hadithi yangu kuku hakutoka.

Wala vijumba sikuvitaja. Kwa nini nivitaje? “Kijumba cha nyasi” ni maneno baridi. “Amewaficha nyuma ya nyumba” yana moto, na visheti vilikuwa vitamu.

Mama Sauda alikuwa akiuza vitumbua sokoni, na sokoni Kwihara yote huja. Siku ya tano baada ya jioni ile Baba alirudi kutoka kazini mapema, mkanda wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Hakukaa. “Vaa,” aliniambia. “Wamemfunga Bibi Kalunde. Wanasema shahidi ni wewe.”

Tukapanda baiskeli. Nilishika shati lake, na nilihisi mgongo wake ukitetemeka, nikadhani ni barabara.

Tulikuta uwanja wa Bibi Kalunde umejaa. Wanaume wenye marungu, wengine majembe. Debe la mafuta ya taa liko karibu na ukuta wa nyumba, na hakuna aliyelitazama, kama vile limekuja lenyewe. Bibi Kalunde alikuwa amekaa chini, kichwa wazi, kanga yake imetumika kumfungia mikono. Baba alisimama mbele yangu, lakini mtu mmoja akamsogeza pembeni kwa bega.

Hao si watu wabaya, jamani. Msiwachukie. Mwezi uliotangulia surua ilikuwa imepita pale, na mama mmoja aitwaye Nyamizi alizika watoto wawili wiki moja, mvulana na msichana. Habari yangu ilimfikia Nyamizi. Watoto wawili, wamefichwa, wanakula uji, wako hai. Alikuwa amesimama mstari wa mbele, amebeba kanga mbili mpya zilizokunjwa. Nilidhani ni zawadi. Baadaye Baba ndiye aliyenieleza: zilikuwa za kuwavika wanawe watakapotolewa.

Balozi wa nyumba kumi wa pale alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi. Alinisimamisha katikati. “Wewe ndiye uliyewaona?”

“Ndiyo.”

“Watoto?”

Nyamizi alisogea hatua moja. Nikatazama debe, nikamtazama Bibi Kalunde, naye akainua yale macho mekundu, akasema taratibu, “Mjukuu wangu, usiogope. Sema ulichokiona tu. Usiseme kinaitwaje.”

Balozi akakohoa. “Haya. Uliona nini? Kitu cha kwanza.”

“Vijumba viwili. Vya nyasi.”

“Vikubwa?”

Nikaonyesha kwa mkono, hapa kiunoni. Kukawa na mnong'ono.

“Alikuwa anafanya nini?”

“Anamimina uji mlangoni. Anasema mwangaluka. Anawaita Kulwa na Doto.”

Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, “Ah! Vijumba vya mapacha!” Mwingine akasema, “Si vile viko pale miaka yote? Hata kwangu vipo.”

Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililonitia baridi kuliko yale marungu. Kila mtu pale alivijua vile vijumba. Kalunde alizaa mapacha zamani, wakafa wachanga, na kwa desturi yao mapacha hawaachwi hivi hivi. Hujengewa, huamkiwa, huonjeshwa chakula, tena hutukanwa kwa mapenzi ili wasinune. Kwao ni jambo la kawaida kama jiwe la kusagia. Lakini habari ilipotoka Mtendeni ilikuwa imevaa nguo zetu, na wenyewe hawakuitambua. Walipewa msukule, wakatafuta msukule.

“Na mkono mweupe?” aliuliza kijana mmoja mwenye rungu. Hakutaka kuliweka chini.

Nikasema, “Kuku.”

“Nini?”

“Alikuwa kuku. Alitoka. Nilimwona akitoka.”

Watu wachache wakacheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Balozi hakucheka. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniuliza swali ambalo sikulitazamia.

“Na wewe, siku zote hizo, alikulisha nini?”

“Uji.”

“Wa chungu gani?”

“Hicho hicho.”

“Nani alikuwa anapewa kwanza? Wewe au wao?”

Nikaanza kulia. Kwa sababu kila asubuhi bakuli langu lilikuwa limefunikwa kwa kawa kando ya kitanda kabla sijaamka, na ndani yake kulikuwa na asali. Hata asubuhi ile ya kuchungulia lilikuwepo. Nilikuwa nimelila lote, nikaja mjini nikasema pumba.

“Mimi,” nilisema.

Balozi mwenyewe akamfungua Bibi Kalunde. Watu wakaanza kutawanyika bila kutazamana, na mtu akaliondoa lile debe. Nyamizi peke yake hakuondoka. Alinijia, akaniuliza kwa upole kabisa, “Kwa hiyo wanangu hujawaona?”

“Sijawaona.”

“Hata mmoja?”

Nilitikisa kichwa. Akazikunja upya zile kanga, ingawa hazikuwa zimekunjuka. Nimezaa, nimezika mume, nimezika mwanangu mmoja. Bado sijaona kitu kama mikono ya mwanamke yule ikizikunja kanga zile. Bibi Kalunde, mikono yake bado ina alama za kufungwa, akamshika bega. “Wangu nao wamelala hapo nyuma, mama. Njoo ukae.” Wakaenda wote wawili nyuma ya nyumba. Sisi tukapanda baiskeli.

Kalunde hakukaa sana Kwihara baada ya hapo. Alihamia Goweko kwa mwanawe anayelima tumbaku, na karanga zake hatukuziona tena. Baba alimwendea kuomba radhi, akarudi na chupa ya asali, akaiweka mezani bila kuifungua. Bi Hidaya hakuigusa mpaka anakufa. Na Mama Sauda? Weee! Mama Sauda alisema mimi mtoto nimedanganywa, huyo kuku ndiye msukule mwenyewe.

Sasa mimi ndiye mzee. Nachoma maandazi kwa kuni tangu nimekuwa mjane, na macho yangu yamekuwa yale yale. Mwezi uliopita watoto wa jirani walikimbia nilipowaita niwape maandazi yaliyoungua. Nilicheka kwa nguvu, wakazidi kukimbia. Nilipoingia ndani nikafunga mlango, na sikucheka tena. Nilisikiliza kwa muda mrefu kama kuna watu wanakuja.

Umbea sijaacha, msinitegemee hivyo. Lakini juzi mjukuu wangu Salma alirudi kutoka Igunga, alikoalikwa arusi ya siku tatu kwa rafiki yake wa chuo, watu wa ng'ombe. Akakaa kwenye mkeka wangu, simu mkononi, wenzake wamemzunguka. “Bibi, we acha tu! Wale watu, yaani, wanaishi kama... Maziwa wanatunza kwenye vibuyu, wanavifukiza moshi, sijui mkojo wa ng'ombe, sijui nini. Nyumba inanuka! Nikasema hapa nimeingia kwa washenzi.”

Wasichana wakapiga kelele kwa furaha. Mmoja tayari alikuwa anamsogezea soda.

“Nyumba ilinuka nini?” niliuliza.

“Moshi tu, bibi. Na maziwa.”

“Na wewe,” nikamwambia, “siku tatu zote hizo, walikulisha nini?”

Akaiweka simu yake kifudifudi mkekani.

“Kitanda walikulaza cha nani?”

“Cha mama yake,” alisema Salma. “Yeye alilala chini.”

Nikampa andazi, nikamwambia haya, anza tena habari yako, na safari hii anzia hapo.