Kichwa cha Mama Amal na Mafuta ya Ufuta

Mwaka tisini na mbili pale Ikwiriri, mwanamke mmoja alizima sinema ya Kihindi wakati jambazi kamkaba mama wa stelingi.

Alichomoa waya wa jenereta, akautia kifuani, akarudi ndani kulala.

Watazamaji wakabaki gizani. Nani angeufuata waya kule?

Huyo ni Zamda, mama yangu mkubwa. Mwenye sinema ni Gharibu, mumewe.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kila mtu anajaribu lake. Gharibu kaleta deki na televisheni kutoka Dar, kageuza chumba cha uani kuwa ukumbi wa video. Zamda naye ananunua ufuta kwa wakulima. Kutwa juani, chakula anakikumbuka magharibi. Akirudi nyumbani, jenereta linamsubiri.

Kichwa kikaanza. Kinagonga upande mmoja, macho hayataki mwanga.

Zahanati wakampima presha, wakampima malaria, hamna kitu. Wakampa vidonge. Kikatulia, kesho kikarudi.

Jirani yake Sijaona akasema hilo jini.

"Jini gani linakuja jenereta likiwashwa?" Zamda akamuuliza.

Ila jioni ya ule waya hakuwa na utani.

"Baba Amal, mimi narudi kwetu Kiongoroni. Kule mwenye kelele ni mbu tu."

Gharibu akaona nyumba inamponyoka. Kesho yake akampeleka kwa Abdulhalim, aliyefanya kazi miaka mingi Dar kwenye duka la dawa la Wahindi, akajifunza ile tiba yao ya ayuveda. Bwana anajisikia huyo, kanzu imepigwa pasi utadhani kila siku Idi.

Hakuuliza kichwa kwanza. Aliuliza Zamda anakula saa ngapi, analala saa ngapi, anakasirika na nani.

Zamda akamtazama mumewe.

"Nimeelewa," Abdulhalim akasema. "Dada, upepo umezidi mwilini. Unaletwa na njaa, kukosa usingizi na makelele. Ule kwa wakati. Unywe maji ya giligilani, upake liwa ya msandali kwenye paji. Na kila jioni ukandwe kichwa na nyayo kwa mafuta ya ufuta ya uvuguvugu."

"Nitamwambia Sijaona amkande," Gharibu akadakia.

"Umkande wewe. Taratibu, na pawe kimya."

"Jioni nina onyesho, sheikh."

"Basi onyesha asubuhi."

Mjini wakacheka wee. Gharibu wa video sasa anapasha mafuta kwenye kijiko. Siku za mwanzo alikanda kama anasonga ugali, Zamda akapiga yowe.

Polepole mkono ukalainika. Na mtu huwezi kumkanda mwenzio kimya kila siku, wakaanza kuongea. Bei ya ufuta. Ada ya shule ya mtoto wao Amal. Marehemu mama yake Gharibu, ambaye hakuwahi kumtaja tangu wamzike.

Kichwa kikapungua. Msimu wa ufuta ulipokwisha, kikakoma kabisa.

Zamda hakusema. Jioni ikifika anajishika paji, anakunja uso, anaketi mkekani. Gharibu anakwenda kupasha mafuta.

Lakini roho ikawa inamsuta. Akaenda kwa Abdulhalim peke yake.

"Kaka, nimepona zamani. Nakuomba usimwambie Baba Amal. Akijua, ataacha."

Abdulhalim akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Mumeo alikuja hapa kabla ya mfungo. Kasema, mke wangu kapona, anajifanya anaumwa. Kaniomba nisikwambie kuwa anajua. Anaogopa utamwambia aache."

Zamda alirudi njia nzima kajifunika kanga usoni, anacheka peke yake. Jioni ile akaketi mkekani, akakunja uso kuliko siku zote.

Ndugu zangu, kichwa kikiwabana sana, hospitali kwanza. Hilo sina utani nalo. Lakini wakisema huna ugonjwa na bado kinauma, tazama unakula saa ngapi, unalala vipi, na mara ya mwisho uliongea lini na unayelala naye.

Na wewe mume unayesoma hapa, mafuta ya ufuta yapo sokoni.