Majani ya Mnyonyo kwenye Goti la Baba

Mwaka ule goti la baba lilivimba hadi suruali ikakataa kupita. Vidonge alivyopewa hospitalini vilimchoma tumbo, akaviacha. Mimi ni mfamasia hapa Bariadi mjini, nikamsihi turudi kwa daktari. Akakubali, ila akasema, "Kwanza mpigie mama yako."

Walikuwa wameachana miaka mingi. Mama aliishi kwa kaka yake kijijini Shishiyu, baba akabaki peke yake kijijini Sapiwi. Nilipiga simu kwa woga. Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Ni goti lipi?"

Alishuka kwenye basi na furushi la majani ya mnyonyo. "Mwadeela," alimsalimu tu kwa Kisukuma. Baba akaitikia huku akitazama chini.

Mama aliyapasha majani juu ya makaa mpaka yakalegea, akayapaka mafuta ya nyonyo, akayafunga gotini kwa kipande cha khanga. Shambani pamba ilikuwa imepasuka, nyeupe mpaka mbali, kana kwamba mawingu yameshuka kulala. Harufu ya majani, chungu kidogo, ilijaa uani. Mchana ukawa mzito na laini. Niliwatazama kutoka mlangoni, nikajihisi mtoto tena.

"Mayu," baba aliniita, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao, "ndani ya haya majani kuna nini?"

"Yana kemikali zinaitwa flavonoidi. Maabara wameona zinapunguza uvimbe. Ila mbegu zake usile, ni sumu."

Mama akacheka. "Huyu? Hata uji nilikuwa namlazimisha."

Baba naye akacheka. Sikukumbuka mara ya mwisho kuwasikia wakicheka pamoja.

Daktari alimbadilishia vidonge, na mama akaendelea kumfunga majani. Goti likanywea taratibu. Kama ni vidonge, au zile kemikali, au joto la mikono ya mama, sijui, na kwa mara ya kwanza sikutamani kupima. Mama aliporudi Shishiyu, baba alimsindikiza kwa miguu hadi kituoni.

Baadaye baba akanipigia kazini. "Mwambie mama yako goti linauma."

Nilikwenda kulitazama. Halikuwa na uvimbe wowote. Nikampigia mama.

"Linauma kweli?" akauliza.

"Anasema linauma."

Nilisikia kuku wakilia nyuma yake, na upepo.

"Haya," akasema. "Nitakuja na basi la asubuhi."