Siri Iliyoachwa Wazi Kwenye Kompyuta

Mkurugenzi tuliyemhukumu ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipoingia ofisi ya usalama ya mkoa hapa Kisangani, nikiwa nimetoka tu chuoni, alinionyesha namna ya kuandika ripoti bila kumwonea mtu. Kwa hiyo waliponiweka kwenye kamati ya kumhukumu, niliomba waniondoe. Wakakataa.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Ripoti za siri kutoka vituo vya mbali zilimfikia kwa barua pepe. Ofisini umeme ulikuwa wa bahati, na jenereta lilikosa mafuta kila mara. Akazoea kuzihamishia kwenye anwani yake binafsi na kuzisoma katika kibanda cha kompyuta karibu na soko. Asubuhi moja alitoka nje kupokea simu, akaacha ukurasa wazi. Mtu akaupiga picha. Kabla ya jioni picha ile ilikuwa imeenea kwenye simu za mji mzima, na ndani yake jina la mwalimu mmoja wa upande wa Basoko, aliyekuwa ametuarifu juu ya watu wanaoficha silaha. Nyumba yake ilichomwa. Mke wake alikuwa ndani.

Kwenye kamati tulikuwa watatu. Mwanasheria alishikilia kwamba hapakuwa na nia mbaya, na kwamba serikali inayomnyima mtu vifaa haiwezi kumlaumu. Afisa aliyetoka kambi ya jeshi ya Kapalata alisema siri ni siri, nia ni habari ya kanisani. Wote wawili wakawa wananitazama mimi.

Mwalimu alipanda mto kwa boti kuja kutoa ushahidi. Hakumtaja mkurugenzi hata mara moja. Aliuliza tu kama tunaweza kuifuta ile picha kwenye simu za watu, maana watoto wake bado walikuwa wanatumiwa picha hiyo. Mwanasheria akainamisha kichwa.

Ilipofika zamu yangu nilimuuliza mkurugenzi jambo moja.

“Papa, ulikuwa unajua kama ile majina inaweza kuletea mutu kifo?”

Mwanasheria alimpa ishara kwamba halazimiki kujibu.

“Nilikuwa najua, maman,” akasema. “Kila siku nilikuwa najua, na kila siku hakuna kitu kilifika. Donc, basi, nikazoea.”

Angedanganya, ningemwokoa, nilikuwa nimekwisha kutafuta maneno ya kumwokolea. Lakini mtu anayeijua hatari na kuizoea si sawa na mtu asiyeijua. Niliandika kwamba hakuwa msaliti, na kwamba alikuwa na hatia. Mwanasheria hakutia sahihi.

Mkurugenzi aliachishwa kazi, akahamia kwa dada yake ng'ambo ya mto Tshopo. Waliomnyima mafuta ya jenereta hawakuitwa mbele ya mtu yeyote. Mwalimu alirudi kwake, na sikusikia tena habari zake.

Juzi nilikutana na mkurugenzi sokoni, amebeba sombe, majani ya muhogo, kwenye mfuko. Amekonda. Aliniuliza hali ya watoto wangu, mmoja mmoja, kwa majina yao. Nikamjibu kwamba wote ni wazima. Kisha tukasimama pale, kila mmoja akingoja mwenziwe aage kwanza.