Sauti Isikike Mpaka Nyuma

Mimi ni kiziwi, nafundisha watoto viziwi, na safari ya kwanza nilinyimwa leseni ya ualimu kwa sababu sikupaza sauti darasani. Usirudi kusoma tena, umesoma sawasawa. Nami niliposomewa niliomba nirudiwe, nikidhani mikono ya aliyenitafsiria imeteleza.

Darasa lenyewe liko Sumbawanga, nyuma ya shule ya msingi ya kawaida, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Mwezi wa saba upepo unapita kwenye vioo vilivyopasuka, watoto wanavaa sweta mbilimbili na mimi nafunga kitenge juu ya koti. Wengine wanatoka hapa hapa mjini, wengine Mollo, wengine kule bondeni Ilemba kwenye joto, na hao ndio wanaolia baridi kuliko wote. Hakuna hata mmoja anayesikia. Kengele ya mapumziko wanaijua kwa kuwaona wenzao wa madarasa mengine wakitimua mbio.

Nilikuwa mwalimu wa mkataba. Cheti cha chuo ninacho, nilikipata kwa jasho, nikisoma midomo ya wakufunzi waliopenda kuongea huku wakitembea. Ila utaratibu mpya ulikuwa umeshuka: asiye na leseni, mwaka ukiisha mkataba wake unakwisha, na nafasi anapewa mwenye leseni. Sasa, mwenye leseni tulishawahi kuwa naye. Kijana mstaarabu, sina ugomvi naye, na wanasema alikuwa na sauti nzuri ya kwaya. Mwaka mzima aliongea na ubao. Watoto walinakili alichoandika bila kujua kama ni hesabu au ni sala.

Katika watoto hao alikuwepo binti wa wafugaji wa Kisukuma kutoka Ilemba. Nilipompokea baada ya kijana yule kuhama, alikuwa mkubwa tayari na hakuwa na lugha yoyote. Alikuwa na alama alizojitungia mwenyewe za ng'ombe wa baba yake, kila ng'ombe na rangi yake na mkunjo wa pembe zake, basi. Hakujua kwamba watu nao wana majina. Siku alipolijua lake alizunguka shule nzima akimwonyesha kila mtu, mpaka mpishi aliyekuwa ameshika mwiko. Kwa hiyo nikisema nilikuwa naitaka leseni ile, elewa nilikuwa naitaka kwa nini. Nikiondoka mimi, yule mtoto anarudishwa kwa ubao.

Hapo kwenye majina nieleze kidogo. Sisi hatuitani kwa majina ya kwenye vyeti. Kila mtu ana jina la ishara, na hujichagulii. Unapewa na wenzako kwa kile walichokiona kwako. Mimi watoto walikuwa wakiniita kwa kuweka kidole kidevuni, kwa sababu nikiwaza ndivyo ninavyofanya. Ukishapewa umepewa, hata ununue ugomvi.

Basi, mtathmini wa leseni akaja kunitazama nikifundisha. Aliingia na kalamu nyuma ya sikio, na kabla hajakalia kiti chake cha nyuma, watoto walishamwita: kidole nyuma ya sikio, kama mtu anayepachika kalamu. Walicheka, nikawakazia macho, wakanyamaza mikono.

Somo lilikuwa nusu na robo. Nilileta maandazi na kisu. Nikakata, nikagawa, nikauliza nani kapata zaidi. Yule binti wa Ilemba akasimama akatuletea ng'ombe wa baba yake darasani: ng'ombe hawa na hawa, kaka zake wawili, kila mmoja achukue nusu. Halafu akauliza: na yule mwekundu mwenye mimba, atahesabiwa mmoja au wawili? Jamani! Darasa zima likawaka. Mikono ilikuwa juu, wengine wamepanda kwenye madawati, wanabishana kuhusu ndama ambaye hajazaliwa. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikajiambia, leo hata aliyetoka mwezini ataona kwamba hapa kuna mwalimu.

Baadaye tukakaa ofisini. Mwalimu mkuu, mama mmoja ambaye alijifunza alama kwetu wakati wa mapumziko, mzito kidogo wa vidole lakini mkweli, ndiye aliyenitafsiria. Maandalizi mazuri. Zana nzuri. Matumizi ya sauti: hakuna.

"Hakuna kivipi?" nikauliza.

"Anasema darasa lilikuwa kimya mno. Kigezo kinataka sauti ya mwalimu isikike mpaka nyuma."

"Isikike kwa nani? Nyuma alikaa yeye peke yake!"

Mwalimu mkuu akatafsiri. Mtathmini akatabasamu, na haki ya Mungu si tabasamu baya, ndicho kinachoniudhi mpaka leo. Angekuwa mtu mbaya ningemchukia nikamaliza. Akasema vigezo hakutunga yeye, na kigezo kikiachwa wazi faili haliendi popote. Akasema amesikia kwamba sikuzaliwa kiziwi, kwamba sauti ninayo. Atarudi tena kabla ya muhula kwisha. Nijitahidi hata kidogo, atajaza.

Nikamjibu. Mwalimu mkuu akanitazama, akakunja mikono kifuani. "Hilo sitafsiri," akanionyesha kwa midomo tu.

Ni kweli, sikuzaliwa hivi. Homa ya uti wa mgongo iliyachukua masikio yangu nikiwa darasa la pili. Sauti haikwenda nayo, ilibaki kama jembe ambalo shamba lake limeuzwa. Nikaendelea kuongea nisichokisikia, mpaka sekondari, siku mwalimu wa Kiswahili aliponisimamisha nisome kwa sauti. Nilisoma vizuri tu, kwa nilivyojua mimi. Nilipoinua macho, darasa zima lilikuwa limelala juu ya madawati kwa kucheka, na mwalimu mwenyewe amegeukia dirishani, mabega yanatikisika. Nikakaa. Tangu siku hiyo sikutoa neno kinywani kwa mtu yeyote, mama yangu akiwemo. Mama alijifunza alama zake za jikoni, mimi nikamsoma midomo, Kifipa na Kiswahili, maisha yakaendelea.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani Izia nikiwa nimefura. Mama alikuwa uani, ameanika ulezi juu ya turubai, anafukuza kuku. Nilimweleza yote. Nikamwambia sifanyi, waende zao, wanataka niwe kikaragosi mbele ya watoto wangu. Alinisikiliza kwa macho mpaka nikaisha. Kisha akasema polepole ili nimwone vizuri: "Ukitaka cha uvunguni sharti uiname, mwanangu."

"Nimeinama sana, mama. Mgongo umeisha."

"Inama mara moja tena. Yule mtoto wa Ilemba je?"

Ananijua, mama yangu. Anajua pa kushika.

Tukaanza mazoezi. Mpango ulikuwa rahisi: yeye akae ukutani na ulezi wake, mimi nisimame mbali nisome somo, akisikia ainue mkono. Nikasimama mlangoni, nikavuta pumzi, nikasema "nusu." Nilihisi kifua kikitikisika na koo likikwaruza kama mlango uliofungwa miaka. Mama akainua mkono. Nikarudi nyuma hadi kwenye banda la mbuzi. Mkono juu. Nikaenda kwenye uzio. Mkono juu. Nikatoka hadi barabarani, nikasema kitu kama "robo" nikiwa nimegeukia kule upande wa shambani, nikageuka kutazama. Mkono wa mama bado uko juu, na macho ameyafumba. Nikamrudia mbio kwa hasira. Nikamgonga begani, akafumbua macho: "Unanidanganya! Huwezi kusikia mpaka kule!"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nasikia," akasema. "Wewe nitakusikia ukiwa hata Mollo."

Wakati huo jirani alikuwa ameshachungulia juu ya uzio, amejishika kifua. Nilisoma midomo yake bila shida: nani anapigwa humo ndani? Mama akamjibu kwamba hakuna anayepigwa, binti yake anaomba leseni. Jirani akatikisa kichwa akaenda zake. Tulicheka, mama na mimi, mpaka kuku wakaufikia ulezi. Nitasema ukweli, ilikuwa siku njema. Kama sauti ile ingeishia pale uani, nisingekuwa na kinyongo na mtu.

Lakini mtathmini akarudi, kalamu nyuma ya sikio. Somo lile lile, maandazi mapya. Nikasimama mbele ya watoto, nikafungua kinywa.

Anayesikia anadhani kuongea na kuonyesha alama kwa pamoja ni kama kutembea na kuongea. Si hivyo. Maneno ya kinywani yana njia yake na alama zina njia yake. Ukiyafuata ya kinywani, mikono inabaki nyuma, inadondosha nusu ya mambo njiani. Nilijiona mwenyewe nikidondosha. Nilikata andazi, nikapaza "nusu," na mikono yangu ikasema kitu ambacho hakikuwa nusu wala robo. Watoto hawakutazama andazi, walitazama mdomo wangu. Hawakuwahi kuuona ukifunguka hivyo, wala mishipa ya shingo ikisimama hivyo. Mmoja akaanza kurudi nyuma na dawati lake. Nikaongeza sauti, maana mtu wa nyuma alikuwa anaandika, na akiandika nilidhani ni dalili njema.

Ndipo yule binti wa Ilemba akaondoka kwenye dawati lake bila kuomba ruhusa. Akaja mbele, akaniwekea kiganja kooni kwa upole, kama wanavyomshika ndama aliyekabwa. Nikaendelea kupaza. Alihisi ule mtikisiko mkononi, uso ukamvurugika. Akauliza kwa mkono mwingine: "Unaumwa?"

Ningejibu ningelia, na kulia hakumo kwenye vigezo. Nikamshika mkono taratibu nikamwondoa kooni, nikamaliza kipindi.

Ofisini mtathmini alikuwa amechangamka kweli. Mwalimu mkuu akatafsiri huku akikwepa macho yangu. Matumizi ya sauti: nzuri, inasikika mpaka nyuma. Ushirikishwaji wa wanafunzi: mzuri sana, hasa pale mtoto alipoitwa mbele kujifunza kwa kugusa koo la mwalimu. Amependa sana ubunifu ule. Akanipa mkono. Nikaupokea, nifanyeje? Kisha nikarudi darasani, nikakusanya madaftari. Hakuna hata mmoja aliyepata zoezi. Kesho yake nilifundisha nusu na robo upya, kwa mikono, mdomo nimefunga, na maandazi ya tatu nilikaanga mwenyewe.

Leseni ilikuja. Wanasema hongera, nasema asante. Imo kwenye fremu ofisini kwa mwalimu mkuu, ina jina langu kamili na mhuri, na kwa maandishi madogo chini imeandikwa tarehe ya kwisha. Zinahuishwa. Wanakuja tena kukutazama ukifundisha.

Muhula huu tumepata mtoto mpya kutoka Mollo, mdogo, anamshikilia bibi yake sketi. Yule binti wa Ilemba, ambaye sasa ndiye kiranja wetu, akajitwika kumtembeza. Akamwonyesha bweni, jiko, choo, kila mtu na jina lake. Alipofika kwangu nilisubiri kidole kidevuni. Hakukiweka. Aliweka kiganja kooni, akakitikisa. Nikatazama watoto wengine, hakuna aliyeshangaa. Kumbe wananiita hivyo siku nyingi, mimi nikigeukia ubao.

"Mwalimu wetu," alimweleza yule mdogo. "Aliumwa sana, siku ile mgeni alipokuja. Akapona."

Mtoto mpya hakuwa na alama hata moja. Akanyoosha tu kiganja chake, akakiweka kooni kwangu kuhakikisha. Nilitulia asikute kitu. Yule binti akanitazama, akauliza kwa wema wote alionao: "Si umepona kabisa, mwalimu?"

Nikamjibu kwamba nimepona. Ile tarehe sikumwambia.