Madaftari Matatu

Dada yangu Dafrosa anaandika na kutayarisha tamthilia za televisheni mwaka wa kumi na sita huu, na bado kuna watu hapa Tabora wanamuuliza atapata kazi lini. Wanakera!

Alianzia Urambo, kwenye shamba la tumbaku la baba, akiwaandikia vijana wa kanisani maigizo kwenye madaftari aliyoyaficha chini ya godoro. Siku moja yakatoweka. Tulikuta vipande vya majalada kwenye majivu ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Baba akaapa kwamba hajawahi kuyaona, na kiapo hicho hakukibadilisha hata mara moja.

Mwaka huu Dafrosa ameliingiza jambo hilo kwenye tamthilia: mzee anatupa madaftari matatu motoni. Niliposoma mswada nilimkumbusha kwamba yalikuwa manne.

"Najua," alinijibu.

Jumapili, kipindi kikirudiwa, alikuja akaketi kando ya baba. Nilimsihi Dafrosa azime televisheni. Alinikazia macho mpaka nikakaa.

Mzee wa kwenye tamthilia akafungua mlango wa bani. Baba akakirudisha kikombe chake kwenye kisosi. Dafrosa hakutazama kioo hata kidogo. Alikuwa anamtazama yeye. Moto ukawaka, kisha yakaja matangazo ya sabuni.

"Umekosea, mwanangu," baba akasema.

"Nimekosea wapi, baba?"

"Yalikuwa manne."