Shikamoo katikati ya nyuki

Vidole vimevimba, kwa hiyo mtanisamehe nikikosea kuandika.

Mchana huu, hapa Munisagara, nilikuwa napasua gogo shambani bila kujua lina nyuki ndani. Mmoja akanidunga mkononi, nami nikamponda juu ya shati.

Hapo ndipo nilipokosea. Nyuki akidunga au akipondwa huacha harufu, na wenzake wakiinusa huja kudunga palepale. Hawaitishi kikao. Wamezaliwa hivyo.

Nikakimbilia nyumbani, kundi zima nyuma yangu.

Kwenye njia ile nyembamba ya mahindi nikamwona mke wa mwanangu, Zaituni, anakuja. Mgongoni ana mjukuu wangu wa miezi minne.

Nikapaza sauti, "Rudi, nyuki!"

Akasimama. Akapiga goti kidogo, kama kawaida yake.

"Shikamoo, baba."

Na mimi, mwalimu mstaafu, nyuki masikioni, nikasimama pia.

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, baba." Ndipo akawaona.

Sijawahi kuogopa hivyo. Nilivua lile shati lenye harufu, nikalitupa mbali, tukakimbia hadi ndani na kufunga mlango.

Mimi nimedungwa mara nyingi, Zaituni mara mbili. Mtoto tulimkagua kidole kwa kidole. Hana hata alama.

Ninapoandika, bado wanagonga kwenye kioo cha dirisha.

Zaituni anasema, "Baba, siku nyingine ukiwa unakimbia sitakusalimu."

Nimemwambia ajaribu, tuone. Ninyi wenzangu mngeweza?